Mama Bado Yuko Ghorofani

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha chini, upande wa stoo.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Injinia,

Neno mpendwa nimeliandika kwa sababu barua lazima ianzie mahali. Na najua hupendi kuitwa injinia. Umetueleza mpaka ukachoka kwamba wewe ni msanifu majengo, na kwamba kazi hizo mbili hazifanani. Mama hajaelewa, na mimi leo nimeamua kutoelewa.

Hujambo lakini? Baridi ya huko imepungua? Kifua chako kinaendeleaje? Unakula vizuri, au bado unakunywa kahawa tupu na kuiita chakula? Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu. Mimi mgongo unanisumbua, sababu utaijua mbele. Shemeji yako anakusalimia, ingawa nilimkataza.

Na mama je? Ngoja nikueleze vizuri, maana kwenye simu kila nikianza unasema mtandao unakatika. Mwanzoni mwa mwaka aliteleza kwenye ngazi, akaanguka, akavunjika nyonga. Hilo unalijua, ulituma ujumbe wa pole wenye picha ya maua. Akafanyiwa upasuaji, ukaenda vizuri, akarudi nyumbani. Usichotaka kukisikia ni kilichofuata.

Nyumba yetu sina haja ya kukuchorea. Chini kuna sebule, jiko na stoo. Vyumba vya kulala na bafu vyote viko juu. Katikati ndiyo ngazi ile ya mbao, nyembamba, imesimama wima, haina hata pa kushika. Wewe kwenye tasnifu yako umeiita uti wa mgongo wa nyumba. Uti wa mgongo! Wa mama ndio nusura uvunjikie pale.

Basi tukapanga mambo kama watu wenye akili zao. Stoo iwe chumba cha mama. Mlango upanuliwe ili kiti cha magurudumu kipite, ukuta wa nyuma utobolewe, bafu dogo lijengwe kwa nje. Mama tukampandisha juu kwa muda tu, mpaka kazi iishe. Fundi akaja, akapima, akachora mistari ya chaki ukutani. Mimi nilikuwa nimeshachagua hata pazia.

Mara hodi mlangoni. Ofisa wa uhifadhi wa majengo ya kale huyo, na ramani zako kwapani. Akanishika mkono kwa furaha: "Wewe ndiye dada yake? Hongereni sana kwa kijana." Kisha akaiona ile mistari ya chaki, na furaha ikamtoka. Akamwambia fundi aweke nyundo chini. Ndipo nikajua kwamba likizo ile uliyokuja kupima nyumba nzima, hukuwa unapima kwa ajili ya masomo tu. Uliomba nyumba iingizwe kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na wakakubali. Sasa haturuhusiwi kutoboa ukuta, kupanua mlango wala kugusa ngazi bila kibali, na kibali hakitoki bila michoro ya yule aliyeiombea nyumba ulinzi. Yaani wewe.

Hukumwambia mtu. Ulikula hapa, ukalala hapa, ukatuzungusha vyumba vyote tukikushikia ncha ya futi, na hukusema neno.

Nilikupigia siku hiyohiyo. Unakumbuka ulivyonijibu? Eti ukuta ule wa chokaa ndio unaoifanya nyumba ipumue, tukiutoboa ovyo tutaharibu mzunguko wa hewa, kwa hiyo tusubiri ukae ufikirie suluhisho lisiloumiza jengo. Lisiloumiza jengo! Nikakuuliza, na mama je? Ukasema utanipigia. Mpaka leo nasubiri, na simu yangu ni nzima.

Basi mama yuko juu, anatoa amri kutoka ghorofani kama mkuu wa shule. Akisikia harufu ya mchuzi ananiambia kwa sauti kwamba vitunguu vinaungua, na kweli vinaungua. Chakula napandisha mimi, maji napandisha mimi, nguo chafu nashusha mimi. Ndio huo mgongo niliokutajia. Na usiniulize kwa nini siweki msaidizi. Mama amewakataa wote, anasema wanapanda ngazi kwa vishindo.

Mzaha unaishia siku ya kliniki. Anatakiwa kwenda kufanyishwa mazoezi ya mguu. Mara ya kwanza mjomba na fundi walimshusha kwenye kiti cha plastiki, mmoja mbele mmoja nyuma, mimi nimeshikilia miguu. Katikati ya ngazi mjomba akayumba. Mama hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa mtandio wake mpaka tukafika chini, na majirani wamesimama mlangoni wanatazama. Mama yetu huyu, ambaye hajawahi kutoka nje bila kujitazama kwenye kioo! Aliporudi akasema hashushwi tena namna ile, na hajashuka. Daktari ameniambia waziwazi kwamba mguu usipofanyishwa kazi sasa utakakamaa, na hatatembea tena.

Kiti chenyewe cha plastiki unakikumbuka. Ndicho ulichoniambia nikitoe sebuleni kwa sababu kinaharibu picha. Nimeziona hizo picha, binamu yetu aliyeko huko kwenu alinitumia. Ni nzuri, sikatai. Mwanga unaingia dirishani, sakafu inang'aa, na hakuna mtu hata mmoja. Mama ulimwambia asogee kidogo, asogee tena, mpaka ukamtoa kabisa kwenye nyumba yake. Halafu chini yake umeandika habari za makazi endelevu. Makazi ya nani, we bwana? Ya popo?

Nilikwenda mwenyewe idarani kwa yule ofisa. Walinipokea kwa heshima, wakanisikiliza mpaka mwisho, wakasema hawana ubaya na mgonjwa, tulete tu michoro. Hata wao wanaona mlango unaweza kupanuliwa na nyumba isiharibike, na bafu likakaa nje bila kuudhi mtu. Kumbe inawezekana! Inamtaka mtu mmoja mwenye ujuzi akae mezani achore, na mtu huyo mama yetu amemzaa mwenyewe. Nilirudi nimepandwa na hasira mpaka nikaupita mlango wa kwetu.

Wiki iliyopita nikapiga moyo konde. Nikamwita fundi. Ana uoga wake, lakini siku ile ya kiti haijamtoka, akakubali. Wakitaka kunishtaki wanishtaki. Nikapanda juu kumwambia mama ajiandae, tunavunja.

Akakataa. Nikadhani anaogopa polisi. Wapi! Akaniambia nikae kitandani, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama tunamficha mtu, iwapo nimekusahau wewe. Akasema ile karatasi uliyompa atie sahihi ulipokuja kupima ilikuwa ya mtihani wako. Nyumba ndiyo mtihani wenyewe. Walimu wako wanayo michoro, na wakija wakakuta mlango si ule uliouchora, watasema umewadanganya na watakufelisha.

"Mwache mtoto amalize shule," akasema. "Mimi nitakaa hukuhuku juu. Akimaliza tutavunja."

Nilitaka kucheka. Nilitaka kukutukana tusi la nguoni, ila matusi yako yote yanapitia kwake. Nilikaa tu pale nikimtazama anajikanda mguu kwa mafuta, akibahatisha namna wanavyofanya kliniki. Iliniuma, mdogo wangu, iliniuma sana.

Iliniuma kwa sababu mimi najua. Binamu hakunitumia picha za nyumba peke yake. Alinitumia na yako, umevaa joho, umeshika shahada yako ya uzamili, meno yote nje. Ulimaliza mwaka jana. Una kazi, una meza yako ofisini, unawachorea watu wengine nyumba zao. Mama hukumwambia kwa kuwa ukimwambia umemaliza atakuuliza unarudi lini, na swali hilo hutaki kulijibu. Baki huko, nani amekuzuia? Ningekuwa mimi labda nami ningebaki. Lakini yeye yuko ghorofani anakungoja ufaulu.

Sijamwambia. Mdomo uliniwasha kweli, nikajizuia. Nikimwambia mimi, atajua kwamba mguu wake unakakamaa kwa ajili ya mtihani uliokwisha zamani, na kwamba mwanawe alikaa kimya tu. Siwezi kumtwisha hilo. Lichukue wewe, una nyonga nzima.

Mpigie. Usinitumie mimi ujumbe, usimpitie mjomba, na usithubutu kutuma maua. Mpigie yeye, mwambie umefaulu, shule imekwisha, watu wavunje ukuta. Kisha kaa mezani uchore huo mlango. Michoro ikichelewa nitavunja bila michoro, na ofisa wako aje anikamate na vumbi la chokaa kichwani. Ukuta naweza kuuvunja mimi. Kumshusha mama siwezi, mpaka aisikie sauti yako.

Mjomba anakusalimia, bega lake lililoumia siku ile ya kiti limepona. Shangazi anakusalimia, na hajui habari hizi, kwa hiyo shukuru. Wanangu wanakusalimia, wanauliza lini utawaletea zile penseli za rangi. Fundi naye anakusalimia, ingawa salamu zake nimezipunguza makali.

Na mama anakusalimia kuliko wote. Nimemwambia nakuandikia, akaniita kutoka juu, nikasimama chini ya ngazi kumsikiliza. Anasema nikwambie usiwe na wasiwasi naye, usome tu kwa bidii.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na riziki, na akunyime usingizi mpaka upige simu.

Ni mimi dada yako wa pekee, akupendaye, japo leo kwa taabu.