Bati Lililozibwa kwa Sabuni

Tantine Élise, pokea salamu zangu kutoka Kabondo. Mi ni msikilizaji wako wa siku nyingi, na leo nimekamata bic niandike mimi mwenyewe maana kifua kimejaa na sina mtu wa kumwambia, nakuomba tu usinicheke, na jina langu usilitaje redioni.

Nina mtoto mmoja, Arthur, ana miaka miwili, na mume wangu Rachidi ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki tangu asubuhi mpaka jioni, na huu ni mwaka wa tatu tunapanga vyumba viwili kwa Mama Josée, mjane, ambaye anakaa humohumo ndani ya parseli, nyumba yake iko mbele, yetu iko nyuma, kisima kimoja, choo kimoja, kamba ya nguo moja. Si mwenye nyumba kama wale bayeri wengine wa kugonga mlango tarehe moja kudai kodi. Nilipozaa Arthur mama yangu alikuwa mbali, Kindu, na ni Mama Josée aliyenikanda kwa maji ya moto mwezi mzima, asubuhi na jioni, na hakuniomba kitu. Yeye anaishi kwa kongelateri yake, friza kubwa nyeupe aliyoachiwa na marehemu mume wake, humo anagandisha samaki na maji ya kuuza, na ndiyo kazi yake yote hapa duniani.

Bon, shida ilianza na mvua. Tangu mwezi wa tatu kila ikinyesha maji yanashuka juu ya kitanda cha mtoto, tunasogeza kitanda, maji yanakifuata, tunaweka beseni, linajaa, mpaka godoro likaoza likaanza kunuka. Nikaenda kwa Mama Josée mara ya kwanza kwa upole, akaniambia, “Mutoto yangu, vumilia kidogo, samaki haitoke muzuri mwezi huu,” mara ya pili vilevile, na mara ya tatu Arthur alikuwa anakohoa mpaka anatapika, hasira ikanipanda, sikwenda tena kwake, nikaenda moja kwa moja kumwita shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, na pale uani, mbele ya majirani wote, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilisema, “Huyu mama anakula pesa ya watu bure! Anatulaza ndani ya maji kama bata! Nyumba ni yake, bati ni zake, azitengeneze!” Tantine, Mama Josée alikuwa anapangusa mikono kwenye kikwembe chake, akamwambia tu shefu, “Mutoto iko na haki. Nitatengeneza.” Shefu akampa mpaka mwisho wa mwezi huu.

Akaleta fundi, anaitwa Zacharie. Akapanda juu ya nyumba yetu, akakaa huko kidogo, akashuka, akazungumza na Mama Josée mbele ya nyumba, halafu akanifuata mimi peke yangu kando ya kisima na kitu cheupe kwenye kucha, akasema, “Mama, nusa.” Nikanusa. Ilikuwa sabuni. Akaniambia, “Kuna tundu ine za musumari pale juu, mutu alizipiga kwenye bonde ya bati moja, pale maji inapita, kisha akaziziba na sabuni. Lakini mi sitasema. Nimemuambia bayeri bati zote kumi na mbili zimekufa, zitoke zote. Wee utapata nyumba mupya, mi nitapata kazi, sasa nani atalalamika?” Tantine, nilikaa kimya kabisa, nikachota maji yangu nikaingia ndani.

Rachidi aliporudi nikamuuliza, akacheka kwanza, halafu akakubali. Wakati wa kombe la Afrika alipanda juu kusimamisha mti wa antena ili aone mpira, akaufunga kwa misumari minne, mti ukaangushwa na upepo, yakabaki matundu, na yeye akayaziba kwa kipande cha sabuni bila kuniambia, maana ndivyo wanavyofanya motari wote tangi la pikipiki likipasuka, unasugua sabuni kwenye ufa, inakaa, esansi haitoki tena. Nikamwambia, “Lakini Rachidi, mvua si esansi, maji yanayeyusha sabuni!” Mi niliyekuwa nimemtukana mama wa watu mbele ya avenyu nzima nilitaka ardhi inimeze.

Sasa, Tantine, Mama Josée hana pesa ya mabati kumi na mawili. Ameamua kuuza kongelateri. Mtu mmoja wa Makiso amekuja kuiangalia, ameipenda, Jumamosi hii anakuja na mkokoteni wa pus-pus kuichukua. Na Rachidi ananiambia nikifungua mdomo tutafukuzwa, na garanti yetu ya miezi sita tuliyoiweka siku ya kuingia itaisha juu ya mabati, anasema, “Nyumba ni yake, kongelateri ni yake, sisi ni wapita njia tu.” Na kweli, Tantine, upande wa nyuma kuna mabati mawili yenye kutu tangu tulipoingia, hayo si sisi. Jana Mama Josée alimtumia Arthur kipande cha samaki, akasema ni wa kumaliza, friza inakwenda. Nilishindwa kumwangalia.

Donc naomba uniambie: nyumba ya kupanga ikiharibika, nani anatengeneza, mpangaji au bayeri? Kama ni bayeri, je, nikinyamaza bado nina kosa? Nisaidie, nimechoka.

Ni mimi, Mama wa Kabondo.

*

Mama wa Kabondo, nimekusoma mara mbili. Pole ya mtoto kwanza, mpeleke kwenye kituo cha afya wakamsikilize kifua, hilo halingoji mabati. Uliniomba nisicheke, nisamehe, pale kwenye mvua na esansi nilicheka peke yangu hapa studio. Nilipofika kwenye kipande cha samaki kicheko kiliisha.

Tuanze na swali lako, maana umeliuliza kwa ujanja. Unataka nikujibu “bayeri,” ili upate kulala. Sitakujibu hivyo. Kile kinachochoka chenyewe kwa jua, mvua na miaka, ni mzigo wa mwenye nyumba, hata kama yeye halali humo. Kile ulichokiharibu kwa mkono wako, au mkono wa mume wako, ni mzigo wako, hata kama nyumba si yako. Kwa hiyo mabati mawili yenye kutu ni ya Mama Josée. Bati moja lenye matundu ni la Rachidi. Yale tisa yanayobaki hayana mgonjwa wala mdaiwa, labda fundi mwingine aniambie, yaachwe yalale pale yalipo. Umeona sasa? Mama wa watu anauza mkate wake kwa ajili ya mabati tisa mazima, na wewe unajua, na unaniuliza kama una kosa!

Kulalamika haikuwa kosa. Mtoto anakohoa, godoro linaoza, umeomba mara mbili, mama gani angekaa kimya? Na Mama Josée naye angempandisha fundi ile mara ya kwanza, jambo lingejulikana mapema, hilo nalisema wazi. Matusi yale uliyasema bila kujua. Kosa lako limeanza kando ya kisima, siku uliponusa ile sabuni ukachota maji ukaingia ndani. Tangu hapo kila siku unayonyamaza unalitengeneza upya.

Na huyo Zacharie usidhani amekusaidia. Amekutumia. Fundi anayemwambia mpangaji ukweli kisirisiri na kumwambia mwenye mali uongo mchana kweupe, kesho akikosana na wewe atakuuza wewe. Asiguse hiyo nyumba.

Rachidi, najua unanisikiliza, motari wote mna redio. Baba, unasema ninyi ni wapita njia. Mpita njia hapandi juu ya nyumba ya watu kupiga misumari apate kuona mpira! Ulipopanda ulikuwa mwenyeji, leo siku ya kulipa ndiyo umekuwa mgeni? Hata msumari wenyewe uliupiga vibaya. Unapigwa juu ya mgongo wa bati, si bondeni, fundi yeyote angekuambia kama ungeuliza. Acha mke wako apumue.

Niseme na wengine pia, wapangaji na bayeri wa mji huu, maana barua hii si ya kwanza. Siku ya kuingia tunahesabu garanti, tunapeana ufunguo, tunaanza kuitana mama na mtoto, basi, imekwisha. Nani alizunguka nyumba na mwenzake akaandika kwamba bati hili lina kutu, kitasa hiki kimevunjika, ukuta huu una ufa? Hakuna, tunaona aibu, tunaona ni kama kumshuku mtu. Halafu miaka miwili baadaye kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole na hakuna anayekumbuka. Andikeni, jamani, hata kwenye karatasi ya daftari la shule, watu wawili watie sahihi. Undugu hauvunjiki kwa karatasi.

Sasa wewe. Leo ni Alhamisi. Majina nimeyabadilisha yote, lakini Kabondo mnajuana, na hadithi hii itatembea haraka kuliko wewe, kwa hiyo ondoka sasa hivi. Usimtume mtu. Ingia kwa Mama Josée, kaa chini, mwambie, “Mama, bati ni sisi,” na umweleze misumari, sabuni na maneno ya Zacharie, yote, bila kumtupia lawama mume wako peke yake, maana kunyamaza kulikuwa kwako. Usianze na garanti. Usianze na “lakini.” Na yale mabati mawili yenye kutu usiyataje leo. Ni haki yako na utaidai, mwezi ujao, kwa upole, lakini leo umekwenda kuomba msamaha.

Akikutukana, usijibu, kaa hapohapo. Wewe ulimtukana akapangusa mikono, na wewe leo uweze. Akimaliza, mwombe amwambie mnunuzi asije, halafu Rachidi anunue bati moja kabla ya Jumamosi, lipigwe na fundi mwingine ambaye mama mwenyewe atamchagua. Mkikosa pesa, likatwe kwenye garanti, na mkubali hivyo mbele yake. Godoro ni lenu, msimdai. Kisha umwite shefu wa avenyu, usimame palepale uani ulipopiga kelele, na useme ukweli kwa sauti ileile, majirani wasikie. Hilo ndilo lingeniuma mimi kama ningekuwa wewe, lakini jina la mama yule ulilichafua hadharani, huwezi kulisafisha ndani ya chumba.

Labda atawasamehe. Labda atawaambia mtoke, na ana haki yake, sitakudanganya ili ujisikie vizuri. Mkitoka mtahangaika, mtazunguka Makiso na Kabondo yote mkiwa na vyombo vyenu kichwani, na mwishowe mtapata vyumba viwili vingine. Mama Josée akiuza ile kongelateri Jumamosi, hatapata nyingine.