Écran kubwa ya kusoma majina

Butembo, Lundi tarehe 4 mwezi wa tatu 2002
Groupe ya kutoa umeme iliwaka saa mbili. Niliandika ndani ya ordinateur ya kanisa majina ya bakimbizi ba upande wa Mangina, bale jamaa zao zinabatafuta, mpaka macho ikatoa machozi. Saa tano camion yenye kutoka Kasindi kwenda Beni ikaleta écran ya kujaribu. Kubwa! Batu babili njo balibeba. Baba pasteur anasema niipime mpaka Samedi. Isipofaa, camion ile ile itairudisha ikipita tena. Yetu ya zamani ni ndogo, inaniua macho. Nataka hii ifae. Lakini nitaipima kwa haki.

Mardi 5
Mubaya. Mugongo yake ni murefu, meza haitoshe. Mwangaza ya dirisha inaingia ndani ya kioo: naona uso yangu, hapana majina. Saa sita kichwa inauma.

Mercredi 6
Nilisukuma meza, dirisha ikawa pembeni. Écran ilikuwa inatetemeka. Nikagusa vifungo vya réglage mpaka ikatulia. Niliandika siku muzima, kichwa haikuuma. Na mustari yote inaonekana pamoja: jina, kijiji, mama, alama ya mwili. Kwa ile ndogo, kijiji na mama vilikuwa vinabaki inje. Na huku kwetu kila kijana wa pili ni Kambale! Jina peke yake haisaidie mutu.

Vendredi 8
Baba pasteur amekasirika. Écran kubwa inafanya groupe ikunywe mazutu mingi, na mazutu inapita barabara ya vita.
"Mama Kavira, kesho inarudi."
Nilimujibu hapana. Sijamujibu vile hata siku moja. Nilimuomba angoje tu mpaka camion iondoke.

Samedi 9
Mama Masika wa Mabalako alirudi asubui. Vita ilimutenganisha na binti yake, Katungu. Mara mbili nilimutafuta kwa écran ndogo, mara mbili nikasema hayuko. Leo nilimukalisha kando yangu. Nikafungua liste ya Butembo na liste yenye Beni ilitutumia, bega kwa bega. Ba Katungu ni bengi. Kidole ya Mama Masika ikashuka polepole juu ya kioo. Ikasimama.
"Huyu! Mabalako. Mama, Masika. Kovu ya moto, mukono wa kuume. Ni mutoto wangu!"
Yuko Beni, kwenye kanisa. Alikuwa mule ndani tangu mwanzo. Ni mimi nilimupita. Haya ilinikamata, nikalia mbele yake.
Baba pasteur aliona yote toka mulangoni. Akaenda kwa dereva wa camion: écran inabaki, mama huyu apande mpaka Beni.

Mardi 12
Mvua. Kwa phonie, redio ya kanisa, Beni ilisema bamekutana. Niliandika kwa mustari wa Katungu: yuko na mama yake. Barabara imefungwa tena, mazutu ni ya siku chache. Narudilia liste yote kutoka juu, juu ya bale bote niliobaambia mutu wao hayuko. Mpaka saa kumi nimemaliza kijiji moja.