Posa ya Musab ndani ya simu

Shoga, kitendawili! Kaja kuposa bila baba, bila mjomba, bila hata mzee wa kuazima. Umeshindwa? Nipe mji!

Ni Musab, mwana wa Bwana Madi wa Chundwa. Natoka kwa Bi Tima sasa hivi.

Bi Tima kafukiza udi, kangoja wazee. Mjukuu wake Raihana yuko nyuma ya pazia, roho juu. Kijana akaingia peke yake, akatoa kikadi chenye vile visanduku vyeusi vya kuskani.

"Bibi, nasaba yangu yote imo humu. Programu ya kuisoma nimeitengeneza mwenyewe, ile ya bidhaa za duka."

Nasaba! Kwa programu ya duka!

Akaelekeza simu, ikalia ti! Bi Tima akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Bidhaa: Musab. Mtengenezaji: Madi, Chundwa. Bei: haijulikani."

Bidhaa, shoga! Bidhaa!

Raihana kaangua kicheko huko nyuma. Musab jasho tele: "Imepanga vibaya tu, Bibi, nitairekebisha. Baba nilimwambia asijisumbue."

Asijisumbue! Hapo Bi Tima akachafuka. Akamtazama kama samaki aliyeshinda juani, akamrudishia kikadi kwa ncha za vidole.

"Ndia ya posa haipiti simuni, mwanangu. Rudi kwa mtengenezaji wako akutazame kasoro, kisha akulete mwenyewe."

Kijana akatoka kichwa chini. Na hapo pazia likasema, polepole:

"Bibi, mwambie asichelewe."