Neno Lililo Kwenye Sarafu Yako

Kitale

Mjukuu wangu Nekesa,

Mulembe. Huku tu wazima. Mahindi yamekauka vizuri, na babu yako sasa anatembea bila mkongojo.

Nimeona picha ya sarafu uliyoipata kwenye mchezo wenu wa kutafuta vitu vilivyofichwa, ile yenye namba ya kufuatilia safari zake mtandaoni. Unauliza neno Harambee lililochorwa juu yake, lile la kwenye nembo ya nchi yetu, lilitoka wapi. Wengine husema ni wito wa wapagazi, wengine ni wa Wahindi waliojenga reli. Mimi nililielewa kwenye matope.

Nilikuwa msichana huko Chwele. Mama alishikwa na uchungu wa kujifungua, na pikapu ya kumpeleka Bungoma ikakwama karibu na kwa jirani yetu Wafula. Wafula na baba hawakuwa wakisemezana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Baba alikataa kumwita. Nikakimbia mimi.

"Mzee, mama anakufa."

Wafula akaja na kamba na wanawe watatu. Akamwambia baba, "Shika nyuma yangu." Kisha akapaza sauti, "Harambee!" Tukaitikia, tukavuta mpaka gari likatoka.

Mtoto alipona, ndiye ndugu yangu Simiyu. Mama tulimpoteza.

Kaburi lilichimbwa na Wafula na wanawe. Walipomaliza, baba alimsogezea kiti chake mwenyewe.

"Keti, ndugu yangu," akasema.

Nami, mtoto wa nyumba ile, nikawaletea wote wawili maji ya kunawa katika beseni moja.

Mungu akutunze ugenini,
Kukhu wako