Mvuke wa Tanga, Ua wa Ntinda

Jumanne, Ntinda.

Sitamsikiliza dada yangu tena! Ameolewa Tanga, na huko korona wanaifukuza kwa kujifukiza. Kwetu Nakuru ni barakoa na kafyu. Hapa Kampala tumefungiwa ndani. Bodaboda hubeba ndizi tu, watu marufuku.

Leo nikajifukiza kwa majani ya mwarobaini. Nilipotoka uani nimelowa jasho, nakohoa, mama mwenye nyumba akapiga kelele: "Banange! Naita watu ya afya!"

Niliogopa kweli. Wakinipeleka karantini, wanangu nitamwachia nani? Nikamwonyesha sufuria.

Akainusa. "Maji bado moto?"

Tukaingia blanketi moja. Mumewe akatukuta tukitoka, tunakohoa wote wawili, akakimbilia ndani na kufunga mlango kwa komeo.

Hajamfungulia mpaka sasa. Mwenye nyumba amekuwa mpangaji wangu, na anakoroma.