Ukuta wa Bwana Walter

Leeds, Uingereza
14 Oktoba 1963

Kwako shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, pamoja na wote hapo Gazi. Mimi afya ninayo, alhamdulillahi, ila baridi ya huku inauma mpaka meno.

Shangazi, hawa watu hawasalimiani. Siku ya kwanza niliwaamkia wote niliopishana nao mpaka chuoni, mmoja akadhani naomba kitu. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mzee anayeitwa Bwana Walter. Nilibisha hodi kwake nijitambulishe, kama ulivyonilea. Aliniuliza nataka nini. Nikamwambia sitaki kitu, nimekuja kukujulia hali. Akafunga mlango. Alfajiri nikisoma Kurani hugonga ukuta kwa fimbo ili ninyamaze. Sasa nasomea moyoni, na milango ya watu siisogelei tena.

Mwanao,
Boga


Gazi
9 Novemba 1963

Mwanangu Boga,

Marahaba, baba. Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu, nalo nimeshalizoea.

Barua yako imenichekesha, kisha ikanikasirisha. Mzee huyo mwache na fimbo yake, lakini usiache kumwamkia. Mtu mzima ni mtu mzima hata akiwa na mdomo mchungu. Huku hakuna habari nyingine ila uhuru wa mwezi ujao. Soma, urudi uwafundishe watoto wa hapa. Tena ule! Kwenye picha uliyoleta shingo yako ni ya kuku aliyenyonyolewa.

Shangazi yako,
Mwanapili


Leeds
3 Februari 1964

Kwako shangazi,

Shikamoo. Habari za Ramadhani? Mimi nafunga. Unisamehe kwa kimya changu.

Bwana Walter amekufa. Ijumaa moja mwezi uliopita nilikuwa nasali alfajiri, akagonga ukuta. Nikashusha hata ile sauti ndogo ya sala. Akagonga tena. Nikanyamaza kabisa, naye akaendelea, polepole, mpaka nikapandwa na hasira. Nikasema, huyu sasa hataki hata nipumue. Nikavaa koti, nikaenda chuoni. Mwenye nyumba alimkuta Jumatatu, sakafuni, chini ya ukuta wetu, fimbo mkononi. Alikuwa akiniita, shangazi.

Binti yake alipokuja kuchukua vitu aliniuliza kama nilisikia chochote. Nikamwambia sikusikia.

Mwanao,
Boga


Gazi
27 Februari 1964

Boga,

Marahaba. Idd tumeisali salama.

Barua yako imenitoa machozi, na hasira ninayo pia. Siku tatu, mwanangu! Hapa jiko la mtu lisipotoa moshi asubuhi moja tu, majirani wako mlangoni. Hukujua kwamba anakuita, hilo nalikubali, na Mungu anajua. Lakini yule binti alikuuliza saa za mwisho za baba yake, nawe ukamnyima. Saa hizo ni zake, si zako.

Nenda kwake. Umwambie: nilisikia, sikuja. Atakutukana, pengine atakupiga. Usijitetee. Akimaliza, kaa naye msibani. Usiniandikie mpaka uwe umekwenda.

Shangazi yako,
Mwanapili


Leeds
22 Machi 1964

Kwako shangazi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa.

Nimekwenda. Mwenye nyumba alinipa anwani ya yule binti, nikapanda treni mpaka mji anaokaa, nikamweleza yote pale mlangoni: baba yake alivyogonga, nilivyonyamaza, nilivyokasirika, nilivyomdanganya yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake kwenye kitasa. Akasema, "Asante kwa kunijulisha." Akaniuliza kama naijua njia ya kurudi stesheni. Kisha akafunga mlango taratibu, hata hakuubamiza.

Nilibaki pale mvua ikininyeshea, nikingoja atoke anitukane. Hakutoka. Jirani yake aliponichungulia dirishani kwa mara ya pili, nikaondoka.

Shangazi, hakulia mbele yangu, hakunilaani, hakunisamehe. Nimerudi na mzigo wangu wote kama nilivyokwenda nao. Chuoni nina wiki ya pili sijaenda. Nyumbani naona haya kurudi, na huku siwezi kukaa. Sikuombi uniombee radhi kwa mtu, wala sikuombi nauli. Nitukane wewe. Nitukane kama ambavyo yeye angenitukana angekuwa mtu wa Gazi, wala usibakishe neno.

Mwanao,
Boga