Watano wa Njano

Kaka Henning,

Hapa Emden ni mvua tu, na yule mwokaji mikate wa kona kafunga. Haya, sasa samaki wa marehemu Baba! Detlef, huyu bwana mpya wa Mama, kaleta dume la mistari toka dukani. Nikamwambia, "Huyo mkorofi! Hakai na wale wa njano, wapole mno." Akacheka: "We binti, si wote wa Ziwa Nyasa? Ndugu hao, watazoeana."

Unakumbuka Baba alivyotufundisha, mgeni akiingia unapangua mawe yote ya tangini ili kila samaki aanze upya kutafuta pake? Nilipangua. Wapi! Siku ya nne wanane walikuwa wanaelea, mapezi yamechanwachanwa.

Na Detlef kapangua sebule. Kiti cha Baba kakishusha stoo. Nikamlilia Mama, naye hata hakuacha kumenya viazi: "Utazoea, mwanangu."

Nimewaopoa watano waliobaki. Jumamosi nakuja nao Bremen kwa treni, ndani ya ndoo. Usiniambie chumba chako kidogo. Lile dume sasa lina tangi zima peke yake, na Mama ndiye analilisha.

Mdogo wako asiyezoea,
Wiebke